Madoa ya miguuni yamekauka, kwa nini daktari bado anautaka mkojo wangu?

"Shikamoo daktari. Mimi ni mwanaume wa miaka 44, nauza dagaa Mwaloni, Kirumba. Mwezi wa tatu niliugua mafua na koo, nikapona. Kama wiki mbili baadaye nikaona madoa miguuni, kuanzia vifundoni hadi mapajani na makalioni. Hayawashi. Magoti na vifundo vikavimba, nikawa nachechemea. Duka la dawa wakanichoma sindano ya maumivu na kunipa vidonge vya diklofenaki. Baada ya siku chache tumbo likaanza kunikata, natapika, choo cheusi. Zahanati wakapima wakasema taifodi. Nikatumia dawa. Halafu mkojo ukawa rangi ya Coca-Cola, wakasema ni kichocho kwa kuwa nashinda ziwani, nikameza vidonge vya kichocho. Hospitali kubwa ndiko walikonikata kinyama kidogo cha ngozi, wakasema nina vaskulaitisi ya IgA. Nimesoma kwenye simu kwamba huo ni ugonjwa wa watoto na unaisha wenyewe. Sasa miguu imesafika, tumbo limetulia, mkojo ni wa kawaida. Lakini daktari anataka nirudi kila mwezi kupima mkojo, na amenipa losartan wakati presha sina. Mama mkubwa anasema nilikanyaga kitu, nikatazamwe. Hii kliniki ni ya lazima kweli? Nisipoenda itakuwaje? Na dagaa niache kula?"

Marahaba, ndugu yangu, na pole kwa kuhangaishwa. Nakujibu swali lako kubwa kwanza ili usisome yote haya roho ikiwa juu: ndiyo, kliniki hiyo ni ya lazima, na aliyekupangia amekupangia sawasawa. Madoa ndiyo yaliyokupeleka hospitali, lakini hayatakufuata miaka kumi ijayo. Kinachoweza kukufuata ni figo, na figo zikiharibika haziumi. Mtu anaweza kupoteza nusu ya uwezo wa figo zake huku anabeba magunia na ugali unapanda. Anayetaka kujua mapema anapima mkojo, presha, na kreatinini kwenye damu, yaani taka ambayo figo nzima huichuja. Kwa kujisikia tu hutajua.

Ulichosoma kwenye simu si uongo, ila kiliandikwa kwa ajili ya mzazi mwenye mtoto. Katika kila wagonjwa kumi wa vaskulaitisi ya IgA, takribani tisa ni watoto, na wengi wao hupona ndani ya wiki chache. Wewe uko kwenye lile fungu dogo. Kwa mtu mzima ugonjwa huja na madoa yale yale na maumivu yale yale, lakini figo huguswa mara nyingi zaidi na kwa ukali zaidi, na hazirejei kwenye hali yake kirahisi. Jirani akikwambia mwanawe alipata hivyo hivyo akapona kwa panadol, mwamini. Ila usijipime kwa mwanawe.

Kwenye faili lako huenda ukakuta pia herufi HSP ukadhani umepewa ugonjwa wa pili. Ni huo huo. Zamani uliitwa kwa majina ya madaktari wawili wa Ujerumani wa karne ya 19, Schönlein na Henoch. Mwaka 2012 jopo la wataalamu lililokaa kupanga upya majina ya magonjwa ya mishipa, maarufu kwa jina la Chapel Hill huko Marekani, liliamua uitwe kwa kile kinachokutwa kwenye kuta za mishipa yenyewe, yaani IgA.

IgA ni kingamwili ambayo kila mtu anayo. Kazi yake kubwa ni kulinda ngozi laini ya ndani: pua, koo, njia ya hewa, utumbo. Ulipougua koo mwili wako uliitengeneza kwa wingi, kama inavyotakiwa. Lakini kwa baadhi ya watu sehemu ya IgA hiyo hutoka na kasoro. Inapungukiwa sukari fulani iitwayo galaktosi. Mwili ukiikuta hiyo yenye kasoro unaiona ngeni, unaitengenezea kingamwili nyingine ya kuishambulia, na hizo mbili zikishikana zinakuwa vibonge vidogo vinavyozunguka na damu. Vinatua kwenye kuta za mishipa midogo kabisa, ile isiyoonekana kwa macho. Chembe nyeupe za damu zinakuja kuviondoa, na katika purukushani hiyo zinaunguza ukuta wa mshipa. Ukuta ulioungua unavuja. Ugonjwa wenyewe ni huo, mishipa midogo inayovuja. Ukivuja ngozini utaona madoa, ukivuja utumboni utapata choo cheusi, ukivuja kwenye figo mkojo unabadilika. Kwa hiyo hukuwa na magonjwa tofauti tofauti kama ulivyoambiwa kila ulikopita. Ulikuwa na mmoja.

Kwa nini wewe, na si mwenzako mliyekohoa naye banda moja? Maumbile ya mwili hutofautiana, na hakuna ulichokosea. Hauambukizi, mkeo na watoto hawataupata kwako. Kama ulipimwa VVU na homa ya ini usifikirie vibaya. Maambukizi hayo yanaweza kuleta madoa yanayofanana, kwa hiyo daktari makini hupima ili ayaondoe kwenye hesabu.

Niseme kidogo kuhusu madoa, maana wengi wanaosoma hapa wana ngozi kama yangu na yako, na picha zilizojaa mtandaoni ni za miguu ya Wazungu, nyekundu kama nyanya. Kwetu wekundu hauonekani hivyo. Doa huwa na rangi ya zambarau iliyokolea au jeusi tu, na kwenye mwanga hafifu wa chumbani unaweza kulipita. Toka nje mchana, pitisha ncha ya kidole polepole juu ya muundi. Madoa ya ugonjwa huu huinuka kidogo, utayahisi kama chembe za mchanga chini ya ngozi. Kisha chukua glasi ya maji iliyo wazi, ikandamize juu ya doa huku ukiangalia kupitia kioo. Upele wa mzio au wa joto hufifia ukikandamizwa. Hili halififii, kwa sababu damu imeshatoka nje ya mshipa na haina pa kurudi. Hukaa zaidi miguuni na makalioni kwa kuwa huko ndiko damu inakoelemea, hasa kwa mtu anayesimama kutwa nzima mbele ya meza ya biashara. Yakipona huacha alama nyeusi kwa miezi. Alama hizo si ugonjwa unaoendelea. Madoa mapya yenye kuinuka ndiyo ya kuripoti.

Kitu kingine cha kuangalia kwenye majibu yako ya damu ni chembe sahani, zile za kugandisha damu. Katika ugonjwa huu huwa za kutosha. Zikiwa chini sana, daktari hutafuta chanzo kingine kabisa. Na kinyama cha ngozi huchukuliwa kwenye doa jipya, la siku moja au mbili, kwa sababu kwenye doa la zamani IgA inaweza isionekane tena. Hospitali iliyokukata mapema ilikusaidia sana.

Viungo nitavipita haraka. Magoti na vifundo huuma na kuvimba, mtu anachechemea, halafu vinaachia bila kuacha kilema. Hutakuwa mlemavu wa magoti kwa ugonjwa huu.

Tatizo ni kile ulichopewa kwa ajili ya magoti hayo. Diklofenaki, ibuprofeni na ndugu zao ni dawa nzuri kwa mtu aliyeteguka mguu. Kwa mtu ambaye mishipa ya utumbo na figo inavuja, zinachubua tumbo linalotoka damu na kupunguza damu inayoingia kwenye figo ambazo tayari zinapigana. Sisemi diklofenaki ndiyo iliyokuletea haya. Ugonjwa ulikuwa umeshaanza. Nasema isirudi mdomoni mwako wala kwenye tako lako kwa sindano, leo wala mwakani, bila daktari wako kujua. Ukiumwa kichwa au kiungo tumia paracetamol kwa kipimo kilichoandikwa. Na hapa Mwanza kuna desturi ya "nipe mchanganyiko wa maumivu", vidonge vitatu vya rangi tofauti kwenye kikaratasi bila majina. Usipokee kitu ambacho hujui jina lake.

Tumbo lako lilikuwa na hadithi ya kawaida kabisa ya ugonjwa huu: maumivu ya kukata yanayokuja na kuondoka, mara nyingi karibu na kitovu, yanayozidi baada ya kula, pamoja na kutapika na choo cheusi kama lami. Choo cha namna hiyo ni damu iliyomeng'enywa njiani, usisubiri kuiona nyekundu ndipo uamini. Kuna wagonjwa ambao tumbo hutangulia madoa kwa siku kadhaa, na wengine hufikia kuandaliwa upasuaji wa kidole tumbo kabla mguu haujatoa ushahidi. Kwa hiyo siwalaumu sana waliokosa siku ya kwanza. Ninacholalamikia ni taifodi. Kipimo cha Widal kikifanywa mara moja tu hakithibitishi taifodi. Mtu aliyekulia ukanda huu anaweza kusoma chanya kwa sababu ya maambukizi ya zamani. Na miguu yako wakati ule ilikuwa imejaa madoa. Ni suala la kumwambia mgonjwa apandishe suruali tu.

Sasa kichocho, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wetu wanapopotezea muda. Ukanda wa Ziwa una kichocho kingi, hilo hakuna anayebisha. Matokeo yake, mtu yeyote akikojoa damu jibu liko mfukoni kabla hajapimwa. Lakini kuna vichocho viwili. Kile cha ziwani, anachokipata mvuvi, muosha dagaa au mama anayechota maji Ukerewe na Kome, kwa sehemu kubwa ni kichocho cha tumbo. Minyoo yake hukaa kwenye mishipa ya utumbo, mayai hutoka na choo kikubwa, na madhara yake makubwa ni kwenye ini na bandama. Kichocho cha mkojo hupatikana zaidi bara, kwenye malambo, madimbwi na majaruba ya mpunga, kule Misungwi, Kwimba na Shinyanga, kwa kuwa konokono wake anapenda maji yaliyotuama. Kwa hiyo "unashinda ziwani, basi mkojo wa damu ni kichocho" ni hoja isiyosimama hata kwa jiografia yetu wenyewe. Inawezekana uliogelea lambo la kijijini ukiwa mdogo, sikatai. Ndiyo maana inapimwa, haikisiwi.

Na inapimika. Katika kichocho cha mkojo damu kwa kawaida huja mwishoni mwa haja, nyekundu, mara nyingi na maumivu au kuungua, na mayai huonekana kwenye darubini. Mkojo mzuri wa kuyatafuta ni wa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, wakati mayai yanapotoka kwa wingi. Damu ya figo ni tofauti. Inachanganyika na mkojo wote tangu mwanzo, rangi inakuwa ya kahawia au ya soda kama ulivyosema mwenyewe, hakuna kuungua, na mara nyingi kuna povu linalokaa juu bila kutoweka. Kipimo cha kijiti husoma protini nyingi. Fundi wa maabara akiuzungusha mkojo huo ukiwa bado wa moto na kuuangalia, anakuta seli nyekundu zilizokunjamana kwa kupenya kwenye chujio, pengine zikiwa zimegandamana kwa umbo la vijibomba vya figo. Mayai hayafanyi hivyo. Vidonge vya kichocho ulivyomeza havikukudhuru, na kwa mtu wa ziwani si vibaya kuvipata. Ubaya ulikuwa ni kumeza na kuona kwamba swali limeisha.

Umeandika mkojo "ni wa kawaida". Kwa macho. Damu inatakiwa iwe nyingi kiasi ndipo rangi ibadilike, na protini haina rangi kabisa. Kila figo ina vichujio karibu milioni moja, na kila kichujio ni kama wavu wa dagaa: macho yake yamefumwa madogo makusudi ili maji yapite na samaki wabaki. IgA ikitua pale, macho ya wavu yanachanika. Protini, ambazo ndizo samaki wako, zinaanza kupita na maji. Mchaniko ukipona bila kovu, umesalimika. Ukipona kwa kovu, kichujio hicho kimefungwa moja kwa moja na vilivyobaki vinabeba kazi yake, vinachoka mapema, navyo vinaziba. Hiyo ndiyo safari ya kimya inayotufanya tuombe kikopo cha mkojo kila mwezi kutoka kwa mtu anayejiona mzima.

Ili usidhani nakutisha, nikupe takwimu zilizopo. Mwaka 2002 watafiti wa Ufaransa walichapisha habari za watu wazima 250 ambao figo zao ziliguswa na ugonjwa huu, wakafuatiliwa kwa karibu miaka 15. Asilimia 11 figo zilifikia mwisho kabisa, na asilimia 13 wengine walibaki na figo zenye uwezo mdogo sana. Zaidi ya nusu hawakufika karibu na huko. Hao walikuwa wagonjwa ambao figo zao zilishaonekana kuumwa kiasi cha kuchukuliwa kinyama cha figo, kwa hiyo usizivae namba hizo kama zako. Lakini zinaonyesha kwa nini miaka kumi bila kupima ni kamari.

Je, wewe uko upande gani? Hapo ndipo siwezi kukujibu kutoka mbali, na ndipo daktari wako anapoweza. Muulize mambo mawili: kreatinini yangu ilikuwa ngapi siku ya kwanza na sasa ni ngapi, na protini inayopotea kwenye mkojo ni kiasi gani kwa siku. Anayepoteza chini ya nusu gramu, presha nzuri, kreatinini imetulia, ana kila sababu ya kulala usingizi. Anayepoteza zaidi ya gramu moja mwezi hadi mwezi, au kreatinini inapanda, huyo anahitaji daktari bingwa wa figo, na pengine kinyama cha figo chenyewe. Kinachukuliwa kwa sindano mgongoni huku wakiangalia kwa ultrasaundi, na hatari yake kubwa ni kutoka damu, ndiyo maana hakifanywi kwa kila mtu. Lakini ukiambiwa unahitaji, kubali. Dawa kali hazipaswi kutolewa kwa kubahatisha.

Losartan hukupewa kwa ajili ya presha. Inashusha msukumo wa damu ndani ya vile vichujio, na msukumo ukipungua protini inayopita nayo inapungua. Kuipewa kwako kunaniambia kwamba daktari aliona protini kwenye mkojo, jambo ambalo huenda hakukufafanulia vizuri. Imeze kila siku hata kama presha inasoma 120 kwa 80. Ukianza kuharisha au kutapika mfululizo, isimamishe na umpigie daktari siku hiyo hiyo, kwa sababu mwili uliokaukiwa maji pamoja na dawa hii unaweza kuzishtua figo. Kreatinini na madini ya potasiamu hupimwa wiki moja au mbili baada ya kuanza. Kama hukupimwa, kumbushia.

Utasikia watu wakikushauri "predi", yaani prednisoloni. Ina nafasi yake: maumivu makali ya tumbo au viungo huituliza haraka, na figo zikiumwa sana daktari huitumia, akitupia macho faida na hasara. Lakini kumeza predi mapema ili kuzikinga figo zisiguswe hakujaonyesha faida. Hilo lilijaribiwa Uingereza kwa watoto zaidi ya 300, matokeo yakachapishwa 2013. Hata kuongeza dawa nzito zaidi si lazima kuwe bora. Wafaransa waliongeza dawa ya saiklofosfamidi juu ya steroidi, yaani dawa za kundi la predi, kwa watu wazima waliozidiwa, na taarifa yao ya 2010 haikuonyesha faida ya ziada. Kwa mazingira yetu predi ina mitego yake: inaamsha kifua kikuu kilicholala, inapandisha sukari, inaifungulia mlango homa ya ini ya B, na kuna minyoo midogo iitwayo strongiloidesi inayoweza kusambaa mwilini kinga ikishushwa. Daktari makini hupima au hutibu hayo kwanza. Duka la dawa halitafanya hivyo. Na ukishaitumia kwa wiki kadhaa huiachi ghafla.

Sehemu nyingine za mwili huguswa mara chache. Korodani zinaweza kuvimba na kuuma, na wanaume huona aibu kusema. Sema, kwa sababu korodani iliyojinyonga nayo huuma hivyo hivyo na ile haina saa nyingi. Mapafu kutoka damu au mtu kuanguka kifafa ni nadra sana. Kuna jambo jingine la watu wazima tu: mara chache ugonjwa huu huwa dalili ya saratani iliyojificha, hasa kwa wanaume waliovuka miaka 50 au 60. Kwa umri wako, na kwa kuwa ulitanguliwa na koo, sioni sababu ya kulala macho. Lakini ukianza kupungua uzito bila sababu au kukohoa kusikoisha, litaje kliniki.

Mama mkubwa usimgombeze. Ameona madoa yanaanzia miguuni, na kwetu kinachoanzia miguuni kina maelezo yake tangu zamani. Mwelewe kwamba anakupenda. Akitaka kukuombea, akuombee. Ninachokukataza ni kimoja: kunywa mizizi au maji ya dawa yoyote ya kienyeji katika miezi hii. Zipo dawa za mitishamba zinazounguza figo zenye afya, na zako hazina ziada ya kupoteza.

Ugonjwa unaweza kurudi. Karibu mtu mmoja kati ya watatu huona madoa tena, mara nyingi ndani ya miezi michache ya mwanzo, na mara nyingi baada ya mafua mengine. Madoa machache bila dalili nyingine si dharura. Yapige picha kwenye simu, pumzika, inua miguu, na upime mkojo wiki hiyo. Lakini usisubiri tarehe ya kliniki ukiona mkojo umekuwa wa kahawia tena au umepungua sana, uso na miguu vinavimba asubuhi, choo cheusi au damu, tumbo limekaza na haligusiki, unashindwa kupumua, kichwa kinauma vibaya na macho yanaona ukungu. Hayo ni ya kwenda siku hiyo hiyo, usiku kama ni usiku, Bugando au Sekou Toure au hospitali yoyote kubwa iliyo karibu nawe. Na kama ni homa kali pamoja na madoa yanayoenea kwa saa chache, mgonjwa yeyote, mkubwa au mdogo, akimbizwe. Hiyo inaweza kuwa maambukizi ya damu, si ugonjwa huu.

Dagaa kula. Hakuna samaki anayeleta ugonjwa huu, na protini ya kwenye sahani si ile inayokutoka kwenye mkojo, usijinyime ukadhoofika. Cha kupunguza ni chumvi, kwa sababu chumvi hupandisha presha na kudhoofisha kazi ya losartan. Dagaa waliokaushwa juani bila chumvi hawana shida. Waliotiwa chumvi, na samaki wa kukaushwa kwa chumvi, waloweke na umwage maji ya kwanza. Vile vidonge vya kuongezea ladha kwenye mboga vimejaa chumvi.

Nimebaki na suala la nauli na siku ya kazi, ambalo hukulisema ila naliona. Kila mwezi kwa miezi sita ndiyo kipindi chenye uzito, kwa sababu figo zikiguswa kwa kawaida hujionyesha humo. Mkojo ukiwa safi na presha nzuri mfululizo, mnaweza kuachanisha hadi kila miezi mitatu, kisha mara moja kwa mwaka. Hata ndani ya miezi hiyo sita si lazima kila safari iwe ya hospitali kubwa. Kipimo cha mkojo cha kijiti na presha vinafanyika kwenye kituo cha afya cha karibu, asubuhi kabla hujafungua biashara, ukipeleka mkojo wa kwanza wa siku. Nunua daftari dogo, waandike tarehe, protini, damu na presha, kisha umpelekee daktari wako kila miezi miwili pamoja na kreatinini mpya. Mwombe mpango huo waziwazi, na mkubaliane ni namba gani ikionekana kwenye daftari uende kwake kesho yake bila kusubiri.